Kioo Juu ya Ufa

Jumatatu, 4 Machi

Mume wangu ameondoka asubuhi na ameniachia kazi mbili: kutazama kioo na kuandika. Ndiyo maana nimeligeuza daftari la vipimo vya wateja na kuanzia nyuma. Mbele kuna mabega na viuno vya watu, huku nyuma kutakuwa na kioo.

Nieleze vizuri, maana nikija kusoma baadaye nitajicheka. Nyuma ya nyumba yetu kuna ukuta wa mawe, mrefu kunizidi, unaozuia udongo wa kilima usitumwagikie. Aliujenga baba mkwe, Mungu amrehemu, kabla mimi sijaolewa hapa. Kati ya ukuta huo na dirisha la chumba ninachoshonea hapapiti hata toroli. Mwaka huu ukuta umepata ufa, kutoka chini kwenda juu, unaingia kidole. Mume wangu ni fundi ujenzi kama baba yake, kwa hiyo hakupiga kelele. Amechukua kipande chembamba cha kioo, akakilaza juu ya ufa, akakibandika kwa donge la saruji kila upande, na saruji ikiwa bado mbichi akachora tarehe kwa msumari.

"Mawe yanadanganya," akaniambia. "Kioo hakijui kuvumilia. Ukuta ukisogea kiduchu tu, kinapasuka. Ukikikuta kimepasuka usinipigie simu, usimuulize mtu. Mshike mama, mshike mtoto, tokeni."

"Na kama hakijapasuka?"

"Andika kizima, kashone."

Jirani yetu mke wa fundi viatu, tunayemwita Redio kwa jinsi anavyotangaza, alikuwa ameegemea lango anasikiliza. Akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mume wangu akamjibu kwamba aliyeitunga methali hiyo hakuwa fundi, kuziba ufa ni kuuvisha nguo tu. Mvua zikiisha ataubomoa ukuta wote na kuujenga upya, auwekee matundu ya kutosha ya kutolea maji. Wakati wa mvua haugusiki. Kisha akapanda lori kwenda kwenye daraja lao, huko ambako simu haishiki mpaka siku ya Jumapili akipanda barabarani.

Kioo kizima. Aliyepasuka ni mimi.

Jumanne, 5 Machi

Kizima. Mawingu tu.

Alhamisi, 7 Machi

Kizima. Mama mkwe amenikuta mbele ya kioo hata uso sijanawa. Yeye alikuwa ameshamaliza sala zake za alfajiri. Husali akiamka, husali akila, husali akitunga uzi kwenye sindano, na tangu niolewe huniuliza swali lile lile: "Umesali?" Nami hujibu, "Bado, Mama," kana kwamba ni vyombo nitaviosha baadaye.

Leo hakuuliza. Amesema, "Wenzako wakiamka wanamtazama Mungu. Wewe unatazama kioo."

"Mungu hajaniachia maagizo, Mama. Mwanao ameniachia."

Akacheka kwa pua, akaenda zake. Ukweli ni kwamba mimi kusali sijui. Nikifumba macho maneno yanakimbia, naona sare za shule ambazo sijazipiga pindo. Watu wengine wamepewa ulimi, mimi nimepewa wasiwasi.

Jumapili, 10 Machi

Mume wangu amepiga simu. Nikamsomea: kizima, kizima, kizima. Akasema vizuri. Nikamwambia naogopa. "Ogopa, lakini tazama," akasema. Nikamuuliza kama huko aliko huwa anasali. "Mimi? Mimi napima," akajibu, akacheka, simu ikakatika.

Ijumaa, 15 Machi

Kizima. Mvua imeanza kweli sasa. Si ile ya kupita, ni ile inayokuja kukaa kama mgeni aliyebeba godoro lake. Katikati ya mawe yanatoka maji ya rangi ya chai. Nimemhamishia Chiriku chumba cha mbele. Huyu ni binti yetu, ana miaka sita, na jina hilo amelipata kwa mdomo wake. Nikamwomba mama mkwe naye ahame, maana kitanda chake kiko upande huo huo wa ukuta.

"Nihame niende wapi? Ukuta huu kaujenga marehemu. Maji ya kukorogea saruji nilimbebea kwa kichwa changu hiki. Jiwe la chini kabisa nililichagua mimi. Unadhani atauacha uniangukie?"

"Mama, marehemu hayupo kuushika."

Lo! Neno likitoka halirudi. Alinitazama mpaka nikainama. Kisha akasema polepole, "Nitakuombea," na katika nyumba hii neno hilo linaweza kuwa kofi. Jioni hakula.

Jumatatu, 18 Machi

Kizima. Mvua. Nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia, nikaufumua, nikaushona tena pale pale.

Jumanne, 19 Machi

Kizima asubuhi, kizima mchana, kizima jioni. Nimekitazama mpaka kimenichoka.

Mvua haikukata hata dakika moja. Nilikaa kwenye cherehani nimeelekea dirishani. Nikikanyaga pedali siusikii ukuta, nikiacha kukanyaga sishoni. Kwa hiyo nikawa nakanyaga kidogo, naacha, nasikiliza, nakanyaga. Kila kijiwe kilichodondoka kilinitoa roho. Nimemfundisha Chiriku mchezo wa kutoka: nikisema "Haya!" anaacha alichoshika anakimbilia langoni. Kwake ni furaha tupu. Nikamwambia mama mkwe tucheze naye, akasema magoti yake hayajaumbwa kwa michezo.

Mchana ikapiga radi, na nyuma yake nikasikia mngurumo chini, kwenye miguu yangu. Sikufikiri. Nilimkwapua mtoto, nikatoka mbio hadi langoni, tukasimama kwenye mvua tumelowa chepechepe. Ukuta ulikuwa umesimama. Ulikuwa ni mngurumo wa radi tu. Nilipogeuka nilimwona mama mkwe mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Umemshika mtoto," akasema. "Mimi umeniacha."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Nilimwambia nilipaniki, Mama, nisamehe, akanijibu kwamba si kosa, mama ni mama. Nimejaribu kuandika jambo jingine hapa na siwezi. Naogopa ukuta na sasa najiogopa mwenyewe.

Jumatano, 20 Machi

Kizima. Sijapata usingizi, sijui tangu lini. Mama mkwe ameniletea chai, nikaipokea huku naangalia dirishani, chai yote ikaishia kwenye sahani. Akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hajawahi kufanya. "Mwanangu, utakufa kabla ukuta haujaanguka," akasema. "Leo sikuombei imani. Nakuombea usingizi."

Alhamisi, 21 Machi

Kizima!

Nililala mpaka jua likatoka. Nilipokurupuka, mama mkwe alikuwa ameshatoka nje na kurudi, pindo la khanga yake limelowa. "Nimekitazama mimi. Kizima. Rudi ulale." Sikurudi. Nilikwenda kuona kwa macho yangu, na kweli kilikuwa pale kinang'aa, hakina hata mkwaruzo, baada ya mvua yote ile. Nililia kama mtoto. Nikaweka paji la uso kwenye jiwe na nikasikia mdomo wangu unasema asante, asante, bila kumtaja ninayemwambia. Kama ile si sala basi sijui sala ni nini.

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Amegeuza uso upande. Labda furaha.

Jumapili, 24 Machi

Kizima. Mume wangu hakuamini kwenye simu. "Kwa mvua hiyo? Kabisa?" Kabisa, nikamwambia, na si macho yangu peke yake, hata Mama hukitazama. "Basi Mzee alijenga," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Nilimfikishia mama mkwe maneno hayo neno kwa neno. Kijiko kikamponyoka.

Jumanne, 26 Machi

Kizima. Siku hizi mama mkwe huwahi nje kabla yangu. Amenionyesha kwamba ameujaza ufa udongo kidogo, ati maji yasiingie, akausawazisha kwa kiganja. Nimemshukuru.

Nilikuwa namwona kama mkaguzi wa roho yangu. Leo amekaa kwenye chumba cha kushonea akanitungia uzi kwenye sindano zote, na hakuniuliza kama nimesali. Mimi ndiye niliyemuuliza yeye: sala ni lazima iwe na maneno? Alifikiri sana. Akasema marehemu alikuwa akiweka jiwe, analigonga mara moja kwa nyundo, anaguna "mh," na yeye siku zote alimhesabia guno hilo kuwa sala, ingawa hakumwambia, angevimba kichwa. Tulicheka mpaka Redio akachungulia langoni kujua kuna nini.

Ijumaa, 29 Machi

Kizima. Mlango wa nyuma unakwama. Mvua huvimbisha mbao.

Jumanne, 2 Aprili

Nitaandika yote.

Leo mvua ilipumzika. Nilikuwa nafagia uani, Chiriku amechuchumaa karibu na ukuta. "Mama," akasema, "njoo uone sisimizi wanakula kioo." Nikamwambia aache uongo. "Kweli tena! Wanakula, wanabeba!"

Nilikwenda kumtoa pale tu. Sisimizi walikuwa wamejipanga mstari kutoka chini ya jiwe mpaka kwenye donge linaloshika kioo, wanakwenda na kurudi, na kila anayerudi amebeba punje nyeupe. Nikasimama. Tangu lini sisimizi wakala saruji? Nikaligusa donge kwa ukucha. Ukucha ukazama. Nikalinusa. Ulikuwa unga, unga wa jikoni kwangu, umekorogwa na majivu upate rangi. Nikatafuta tarehe aliyoichora mume wangu. Haikuwepo. Siku zote hizi nilikuwa natazama kioo, donge sikulitazama hata mara moja.

Nikakivuta kioo kwa vidole viwili na kikaja chote, kizima. Bila shaka kizima! Unga hauna nguvu ya kukipasua. Ukuta ungeweza kutembea mpaka jikoni na kioo kingebaki kinang'aa vile vile. Nikauchokoa ule udongo uliojazwa kwenye ufa. Palipokuwa panaingia kidole kimoja, viliingia viwili.

Nilimkuta mama mkwe chumbani kwake amekaa. Nadhani alikuwa amenisikia. Nilimwekea kioo mapajani.

"Kilipasuka lini?"

Alikigeuza geuza. "Alfajiri ile uliyolala," akasema. "Nilikuwa nimekuombea usingizi, ukaupata. Nikatoka nje nikakikuta vipande viwili. Nikasema nikimwamsha huyu na habari hii, atakufa kwa hofu. Chini ya meza ya mwanangu kulikuwa na vioo vingine. Saruji sijui kuikoroga, nikakoroga unga, na kila alfajiri naupaka mwingine mvua ikiuosha. Nikasema labda Mungu ametaka nimjibie yeye."

"Umjibie Mungu? Mama! Umjibie Mungu kwa unga?"

"Ulisema asante," akasema. "Nilikuona. Ulikuwa hujawahi kusema asante hata siku moja. Ningekuambiaje baada ya hapo?" Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anaongea na kioo, "Na ukuta ni wa marehemu. Kila kitu chake kimekwisha, umebaki ukuta. Nilisema hautaanguka, maana nauombea kila siku."

Nilipiga kelele ambazo majirani wote wamezisikia, na Redio hakuhitaji kutangaza chochote. Nilimwambia alikuwa anatuzika tukiwa hai. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Hakujitetea. Nilipomwambia asimame tutoke, akasema niende na mtoto, yeye atabaki pale asali, kama ni adhabu basi ni yake.

"Sala hiyo utaisali ukitembea," nikamwambia, nikamshika mkono. Safari hii nilianza na yeye. Chiriku alikuwa ameshafika langoni anapiga makofi, akidhani ni mchezo.

Jumatano, 3 Aprili

Tumelala kwenye kibanda cha fundi viatu, katikati ya soli na harufu ya gundi. Mume wake Redio ametuhamishia cherehani kwa mkokoteni. Nimekoroga saruji halisi mwenyewe nikaweka kioo kipya, nikachora tarehe. Nilikuwa pale ukutani muda wa kukaanga yai, na jasho lilinitoka kama niliyelima.

Jumapili, 7 Aprili

Kizima. Nimemwambia mume wangu kwamba kioo kilipasuka na tumetoka. Akashusha pumzi ndefu. "Mbaki huko huko. Umefanya vizuri, mke wangu." Habari za unga sikumwambia. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu, anasikiliza, anasubiri nimtaje. Nilipokata simu aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jumatano, 10 Aprili

Kizima. Jua. Mama mkwe hasali tena kwa sauti. Akiamka anakaa tu, anatazama mikono yake. Hapo zamani ningeshukuru kwa ukimya huo. Sasa unanitisha. Leo nimemuuliza mimi, "Umesali, Mama?" Akajibu, "Bado."

Ijumaa, 12 Aprili

Kizima. Jua kali, matope yamekauka yanapasuka. Redio ameanza: ati kuna watu walikimbia nyumba yao kwa kuogopa sisimizi. Watu wanacheka, nami nacheka nao, lakini usiku nasikiliza upande wa kilimani.

Jumapili, 14 Aprili

Kizima wiki nzima, saruji ngumu, tarehe ipo. Nimemsomea mume wangu. Alisita. Daraja limekwisha, Jumamosi anarudi. "Basi Jumamosi ingieni mchana," akasema, "mfagie, mpike, nikukuteni nyumbani. Kulala tusubiri niutazame mwenyewe." Nilifurahi mno. Nimechoka kunusa gundi, nimechoka kuwa mwoga wa mtaa.

Ijumaa, 19 Aprili

Kizima. Tumekwenda kwa muda mfupi kufagia. Kamba ya kuanikia nguo, ile iendayo kutoka kwenye ndoano ya ukutani hadi nguzo ya jikoni, ilikuwa imeoza, mama mkwe akafunga mpya na kuikaza hadi ikawa inalia ukiigusa. Mlango wa nyuma haufunguki kabisa, tunazungukia mbele. Kesho anakuja!

Jumapili, 21 Aprili

Naandika ya jana.

Asubuhi nilitangulia peke yangu kutazama kioo. Kilikuwa kizima, nikaandika kizima mgongoni mwa kiganja kwa kalamu, kwa furaha tu. Nikarudi kuwachukua. Mama mkwe alibeba beseni la mashuka aliyoyafua, ili mwanawe alale kwenye shuka safi, popote atakapolala. Chiriku akatutangulia mbio, akaingia ndani kutafuta mwanasesere wake. Mimi nikaenda jikoni kuwasha moto. Nilikuwa naimba.

Nikamsikia mama mkwe uani. "Njoo hapa."

Nilitoka. Alikuwa amesimama na shuka moja mikononi, hajalianika, anatazama kamba. Kamba aliyoikaza Ijumaa ilikuwa imelegea, imening'inia mpaka magotini.

"Imefunguka," nikasema.

"Fundo ni langu. Halijafunguka." Akainua macho akautazama ukuta, wote, kutoka chini mpaka juu, kwa muda ambao mimi sikuwahi kuutazama. "Umeota tumbo," akasema. "Miaka yote naanika nguo mbele yake, haujawahi kuwa na tumbo. Unatujia wote kwa pamoja, na ufa wake na kioo chake."

"Mama, kioo kizima! Tazama mwenyewe, saruji hii!" Nilimwonyesha. Ndiyo, mimi ndiye niliyesema hivyo, nimesimama pale nanyoosha kidole kama mtu anayehubiri.

"Kioo kizima nakijua," akasema. "Niliwahi kukutengenezea. Toka."

"Lakini..."

"Toka!" Na papo hapo, nyuma ya mawe, tukasikia mchanga unamwagika taratibu, kama mtu anamimina mchele kwenye sufuria. Nikapiga kelele, "Haya! Chiriku, haya!" Hakuja. Alikuwa chumbani kwa bibi yake, chini ya kitanda, na sauti yake ikatoka huko: "Ngoja, mguu wake umenasa!" Mguu wa mwanasesere.

Miguu yangu ilikataa. Naandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mimi niliyefanya mazoezi ya kutoka, miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Aliyeingia ni mama mkwe. Alitupa shuka chini, na yule mwenye magoti ambayo hayakuumbwa kwa michezo akapita mlango wa mbele sijui vipi, nikamsikia anaita jina la mtoto, jina lake lile la kweli ambalo hatulitumii, mara moja, mara mbili, mara nyingi bila kupumua. Kisha nikapata miguu. Tulikutana kwenye korido. Alikuwa amemkumbatia kifuani kama mzigo wa kuni. Nikawasukuma wote wawili mbele yangu hadi langoni, na hatukuwa tumelivuka vizuri ukuta ulipoanguka.

Sauti yake siwezi kuiandika. Ilikuwa ndefu. Vumbi lilipopungua, chumba cha kushonea hakikuwepo, wala chumba cha mama mkwe, wala jikoni nilikowasha moto. Mawe ya marehemu yalikuwa yamelala hadi mlango wa mbele, na juu yake udongo mwekundu, umelowa chepechepe ndani ingawa jua lilikuwa linawaka.

Redio akaja, akatuvuta hadi kibandani kwake kumwosha mtoto macho. Mumewe na wanaume wengine wakapanda juu kilimani kuwatoa watu wa nyumba za huko. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha fundi, mikono yenye matope mapajani. Nilichukua maji nikaanza kumwosha. Alikuwa anatetemeka, maji yakaishia sakafuni.

"Sikusali," akaniambia.

"Mama."

"Sikusali hata neno moja. Miaka yote hii nasali mpaka kwenye sindano, na pale ndani nilimsahau Mungu kabisa. Nilikuwa namwita mtoto tu. Sikumwita mwingine." Alikuwa anaogopa kweli, macho yamemtoka, kuliko alivyoogopa ukuta.

Mimi ni nani nimjibu? Niliendelea kumwosha kidole kimoja kimoja.

Ndipo tukasikia sauti ya mwanamume kule nyumbani. Lori lilikuwa limemshusha juu, barabarani. Alikuwa amesikia kishindo kwa masikio yake, akateremka kilima moja kwa moja hadi juu ya kifusi bila kukutana na mtu. Tulitoka mpaka langoni, mimi nimemshika mama mkwe mkono, Chiriku mgongoni kwangu, na tukamwona. Begi lake lilikuwa limetupwa. Alikuwa amepiga magoti juu ya mawe ya baba yake, anayang'oa kwa mikono mitupu na kuyarusha nyuma, yeye ambaye hajawahi kugusa jiwe bila kulipima kwanza. Vidole vilikuwa damu tupu. Na alikuwa anaita. "Mama! Mama Chiriku! Chiriku!" Anang'oa jiwe, anaita watatu, anang'oa jingine, anaita watatu, kwa mpangilio ule ule, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, wala kwa mtu yeyote, hata kwenye nyumba za ibada.

Nilikuwa bado namtazama. Mama mkwe alisimama kando yangu anamsikiliza mwanawe, na nikausikia mkono wake unaacha kutetemeka.

"Mwite, mwanangu," akaniambia. "Mwite upesi, asiendelee kuomba alichokwisha kupewa."